Mbwa wangu amehamia chini ya mwamba: nimtoe kwa nguvu, au nimgawe?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine miwili, na ninaishi na mume wangu Nyegezi, Mwanza, kwenye mteremko wa mawe unaotazama ziwa. Mbele ya nyumba nina kibanda cha cherehani, kwa hiyo wateja huingia na kutoka tangu asubuhi hadi jioni.

Mwezi Juni nilikwenda kwa mtu mmoja anayefuga mbwa wa mbegu na kuuza watoto wao, nikiwa na nia ya kumnunulia mwanangu mkubwa mtoto wa German Shepherd. Picha alizonitumia kwenye simu zilionyesha bustani yenye majani mazuri. Nilipofika niliomba nimwone mama wa watoto wale, akakataa, nikasisitiza, na mwishowe akanipeleka uani shingo upande. Huko nilikuta majike sita ndani ya vizimba vya nondo na wavu vilivyopangwa kando ya ukuta, sakafu ni saruji tupu, harufu ya mkojo inachoma macho, na hapakuwa na hata mmoja aliyebweka. Wa kizimba cha mwisho alikuwa amekonda, kucha zimepinda, matiti yananing'inia, naye akizunguka mahali pale pale bila kusimama. Yule bwana alisema huyo amechakaa, ana miaka kama sita, mimba zake mbili za mwisho zimeharibika na hana kazi naye tena. Sikuweza kuondoka na kumwacha. Nilitoa shilingi 120,000 nilizokuwa nimeandaa kwa ajili ya mtoto wa mbwa, nikamchukua yeye.

Tumempa jina la Kunde kwa sababu ya rangi yake. Siku ya pili aligundua pango dogo chini ya mwamba mkubwa ulio nyuma ya nyumba, akaingia, na kwa wiki saba sasa ndiko anakoishi. Hula usiku tu, tukishalala. Hujisaidia humo humo anamolala. Mdogo wangu wa kiume aliwahi kuingiza mikono, akamvuta nje na kumshikilia kwa muda wa dakika kumi. Kunde hakufurukuta wala hakuuma, alitulia kabisa, na mdogo wangu akasema, "Umeona, dada? Kumbe ni kumlazimisha tu." Lakini baada ya hapo alikaa siku mbili bila kula. Sasa mdogo wangu anashauri tuzibe pango kwa mawe na tumfunge Kunde kwa mnyororo getini ili azoee watu.

Mume wangu hana ubaya naye, ila anasema mbwa asiyebweka wala kuonekana ni gharama bila faida. Bwana mmoja wa Kisesa mwenye yadi ya mbao, uwanja mkubwa na ukuta mrefu, yuko tayari kunipa shilingi 150,000 ili amchukue awe mlinzi. Yupo pia mteja wangu, muuguzi mstaafu anayeishi Luchelele na mbwa wake mzee wa kienyeji, ambaye ameniambia kwa upole kwamba nikishindwa nisisite kumweleza. Huyo hana fedha ya kunipa, uwanja wake ni mdogo na uzio wake ni wa minyaa. Mwanangu analia kila akisikia habari za kumgawa. Je, nizibe pango? Nimpe nani? Na je, nilikosea kumnunua?

Mama wa Kunde, Nyegezi

*

Marahaba, mwanangu.

Pango usilizibe, na mnyororo usiununue. Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo yanayoweza kufanyika leo jioni mtu akiwa na hasira, na madhara yake yangechukua miezi mingi kuondoka.

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa na kipindi kifupi cha kuujifunza ulimwengu bila woga, tangu wiki ya 3 hadi kati ya wiki ya 12 na 14 hivi ya umri wake. Katika kipindi hicho anachokiona mara kwa mara, iwe ni mtoto anayekimbia, mlango unaofungwa, pikipiki, ndoo inayoanguka au mkono unaopapasa, hukiandika akilini kuwa ni jambo la kawaida la maisha. Asichokiona, baadaye hukichukulia kuwa ni hatari hadi kithibitike vinginevyo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini hali ya Kunde ni nzito kuliko hiyo, kwa maana aliyeumwa na nyoka anazo siku za amani za kuzikumbuka kabla ya kuumwa, ilhali Kunde, kama alizaliwa katika vizimba kama vile, hana siku ya kurejea. Kwa hiyo anayoyafanya si ukaidi wala upumbavu, bali ni kwamba nyumba yako yote, pamoja na wema wako, ni kitu kigeni kwake.

Ule utulivu ambao mdogo wako aliuona ndio jambo linalonisikitisha kuliko yote katika barua yako. Mnyama aliyebanwa akakosa njia ya kukimbia huganda. Misuli hukaza, pumzi huwa fupi, macho huonyesha weupe pembeni, masikio hulala nyuma, na mtu asiyejua husema ametulia. Siku mbili za kutokula ndizo zilizokupa jibu sahihi. Mweleze mdogo wako haya bila kumlaumu, kwa kuwa watu wengi wenye nia njema hukosea hapo hapo, na umwambie pia kwamba mbwa mwingine katika hali ile angeuma usoni.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya mbwa 1,100 waliokuwa wamefugwa kibiashara kwa ajili ya kuzalisha tu, kisha wakachukuliwa na familia. Wakilinganishwa na mbwa wa kawaida wa nyumbani, walionekana kuwa na hofu nyingi zaidi, kushindwa zaidi kuvumilia kuguswa, na kujisaidia zaidi ndani ya nyumba. Hata hivyo ukali wao kwa watu wageni ulikuwa mdogo kuliko wa mbwa wa kawaida. Naomba mumeo naye asome hapo. Hofu si ukali, na mbwa anayejificha hawezi kugeuzwa mlinzi kwa kumweka mahali penye wageni wengi zaidi. Yadi ya mbao ya Kisesa, yenye misumeno, malori na vibarua wanaobadilika kila siku, ingekuwa kwa Kunde kizimba kingine chenye kelele, na mara nyingi mnyama wa namna hiyo huishia kufungwa mnyororo nyuma ya banda mchana kutwa. Sidhani kwamba bwana huyo ni mtu mbaya. Anatafuta mlinzi, na Kunde si mlinzi, kwa hiyo mshukuru umwambie hivyo.

Sasa nirudi kwenye mwamba, kwa kuwa hapo ndipo kazi yako ya wiki chache zijazo ilipo. Kunde amekichagua mwenyewe chumba cha kwanza maishani mwake, chenye giza, chenye ukuta pande tatu na mlango mmoja anaoweza kuulinda kwa macho. Kiboreshe badala ya kukifunga. Usiku anapotoka kula, ondoa uchafu, weka gunia kavu au kipande cha godoro kuukuu, kisha chimba mfereji mdogo upande wa juu wa mwamba ili maji ya mvua za vuli yapite kando, kwa sababu unajua jinsi maji yanavyoshuka kwa kasi kwenye miteremko yetu ya mawe. Ngurumo za ziwani hupiga sana usiku na alfajiri, na katika saa hizo pango hilo litamfaa kuliko sebule yako yenye bati juu.

Chakula nacho kigeuze kuwa mazungumzo. Usiweke sahani yote usiku ukaondoka. Ugali wake wa kawaida mpe saa ile ile kila siku, jioni wateja wakishaondoka, karibu na mlango wa pango, kisha kaa umbali anaoweza kuuvumilia, hata kama ni hatua kumi na tano, ukiwa umempa ubavu na si uso. Usimkodolee macho wala usimwite. Kila baada ya muda mrushie kitu kitamu zaidi ya ugali. Dagaa wa Mwaloni, Kirumba, wanafaa sana kwa kazi hii maana harufu yao humfikia mbwa aliyejificha, ila waoshe vizuri kwanza, kwani walioanikwa chini huwa na mchanga mwingi, na usimpe waliotiwa chumvi wala kukaangwa na vitunguu, kwa kuwa vitunguu huharibu damu ya mbwa. Siku atakayokula ukiwa umekaa pale, usisogee. Sogea kesho yake, hatua moja, na akiacha kula rudi nyuma hatua mbili. Akilamba midomo pasipo chakula, akipiga miayo bila usingizi au akigeuza kichwa pembeni, anakuomba nafasi, nawe mpe mara moja, kwa sababu hapo ndipo atakapojifunza kwamba lugha yake inasikika na kwamba hana haja ya kuganda wala kuuma.

Mwanao mkubwa anayo nafasi kubwa hapa, tena inafaa apewe ili machozi yake yapate kazi. Akae na kitabu chake cha shule, mgongo kwa pango, mtu mzima akiwa karibu, asome kwa sauti ya kawaida kwa robo saa kila jioni, kisha aache dagaa wawili watatu na kuondoka. Asiahidiwe kumgusa Kunde. Kunde akija mwenyewe kunusa mgongo wake, asigeuke. Mdogo wa miaka miwili asifike upande huo kabisa, hata kwa dakika moja, kwa kuwa mtoto wa umri huo hawezi kusoma dalili nilizozitaja.

Kuhusu kujisaidia malazini, usimwadhibu. Mbwa mwenye uhuru huepuka kuchafua anapolala, lakini aliyefungiwa kizimbani kwa miaka amelazimishwa kuivunja tabia hiyo, na itarudi polepole kadiri anavyothubutu kutembea. Kule kuzunguka mahali pamoja pia ni alama ya kifungo, na hupungua mnyama anapopata nafasi na ratiba inayotabirika.

Daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari umwite nyumbani, badala ya kumbeba Kunde kwenye bajaji hadi mjini. Mweleze hali yake mapema ili aje na dawa ya kumtuliza ambayo utamchanganyia katika chakula kwa maelekezo yake. Kwanza apate chanjo ya kichaa cha mbwa, inayorudiwa kwa wakati atakaoelekezwa, kwa usalama wake na wenu. Mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kusubiri kuona dalili. Baada ya hapo akaguliwe meno, kucha, ngozi, kupe na minyoo. Mwombe daktari aangalie kwa makini sehemu za siri, kwa sababu majike yanayopandishwa na madume mengi hupata uvimbe unaoambukizwa kwa kujamiiana, ambao huanza kwa kutoa matone ya damu na mara nyingi hupona kwa sindano za wiki kadhaa. Mimba mbili zilizoharibika nazo zinadai uchunguzi wa mji wa mimba. Afya ikiruhusu, Kunde atolewe kizazi, ili pasipatikane tena mtu wa kumtamani kwa sababu ya watoto wake.

Sasa uliloliuliza mwisho, ambalo nadhani ndilo lililokunyima usingizi. Kumhurumia Kunde hukukosea. Lakini nitakuwa mwongo nisipokuambia kwamba shilingi 120,000 zilimwondolea yule bwana mzigo na kumpa sehemu ya bei ya jike kijana, ambaye huenda sasa amelala katika kizimba kile kile. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na jike huweza kuingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mtu asiye na huruma hupata mazao mawili kwa mwaka kutoka kwa kila mnyama hadi achoke. Biashara ya namna hii ilikua sana huko Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima walipoanza kuzalisha mbwa kama wanavyozalisha mahindi, na imefika kila mahali penye watu wanaonunua kwa kutazama picha.

Wewe, hata hivyo, ulifanya jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: ulidai kumwona mama. Nchini Uingereza jambo hilo limekuwa sheria. Jike mmoja wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel, aliyeitwa Lucy, aliokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalisha mbwa huko Wales akiwa na uti wa mgongo uliopinda kwa miaka ya kukaa kizimbani, akafa mwaka 2016, na kampeni iliyobeba jina lake ikazaa kanuni zilizoanza kutumika England tarehe 6 Aprili 2020. Chini ya kanuni hizo mfanyabiashara haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi 6 ambaye hakumzalisha yeye mwenyewe, na mnunuzi ni lazima aonyeshwe mtoto akiwa na mama yake mahali alipozaliwa. Sisi Tanzania hatuna kanuni kama hiyo, lakini tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama kumtunza ipasavyo na kumhesabu kuwa mkosaji anayemtesa. Majike matano yamebaki kule. Usirudi kuyanunua, hata moyo ukikuuma. Andika ulichokiona, tarehe, mahali, idadi ya vizimba na hali ya sakafu, uhifadhi na zile picha za bustani alizokutumia, kisha upeleke kwa ofisa mifugo wa halmashauri yenu na uombe ukaguzi. Ukienda na daktari atakayemtibu Kunde, akiwa na maelezo ya hali aliyomkuta nayo, maneno yako yatakuwa na uzito zaidi.

Limebaki suala la makazi. Ningetamani kukuambia ubaki na Kunde, kwa ajili ya mwanao. Lakini nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara naona kibanda cha cherehani, wateja wa kutwa, mtoto wa miaka miwili na mume ambaye hakumchagua mnyama huyu. Upande wa pili namwona muuguzi mstaafu, ambaye bila shaka amezoea kukaa na anayeumwa bila kumharakisha, na zaidi ya yote namwona yule mbwa wake mzee. Mbwa mwenye hofu humtazama mbwa mwenzake kabla ya kumwamini mtu. Akimwona mzee yule akimwendea mama wa nyumba, akila mkononi mwake na kulala miguuni pake, atajifunza kwa mwezi mmoja yale ambayo wewe na mimi tungehitaji mwaka mzima kumweleza. Mpe yeye, na kukosekana kwa zile 150,000 kusikusumbue.

Usimpe kesho, lakini. Mwombe mama huyo aje Nyegezi jioni mara mbili kwa wiki, kwa muda wa wiki sita hivi, akae mahali unapokaa wewe na kurusha dagaa kama wewe. Zile ziara za mwisho aje na mbwa wake, akishachanjwa, wakutane uani kamba zikiwa zimelegea. Wakati huo huo uzio wa Luchelele ushughulikiwe, tena hapo nakusihi usilegeze, maana mbwa wa aina hii akitoroka haitiki jina na hukimbia hadi achoke. Minyaa pekee haizuii kitu, na utomvu wake ukimwingia machoni humchoma vibaya, kwa hiyo weka wavu wa chuma upande wa ndani, ufukiwe chini kwa kina cha kiganja na kupanda hadi usawa wa kifua cha mtu mzima. Kwa miezi ya kwanza asitoke nje ya uzio bila mkanda wa kifuani pamoja na wa shingoni, kila mmoja na kamba yake, ili akichomoka kwenye mmoja abaki kwenye mwingine.

Mwanao aambiwe ukweli sasa, na si siku ya kuhama. Luchelele si mbali, na muuguzi akikubali, Jumamosi anaweza kwenda kumsomea Kunde kitabu kule kule, mgongo ukiwa umemwelekea kama alivyozoea. Mjengeeni Kunde kibanda chenye giza na mlango mmoja kabla hajafika, kikielekea mahali ambapo mbwa mzee hulala, na ndani yake mweke lile gunia alilolilalia chini ya mwamba. Msilifue.